Sikio la Kushoto la Mzee Geuza

Tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, fundi mkuu wa karakana yetu ya redio na vyombo vya muziki atafungua droo yake kwa mara ya mwisho, atatoa bisibisi saba, ataziviringisha kwenye kitambaa chake cheusi na kuondoka nazo, baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Bisibisi ni mali yake. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu wa stoo ameshaulizia mara mbili.

Ofisi iliniomba niandike ukurasa mmoja wenye heshima. Ukurasa umezidi mmoja, na kuhusu heshima, msomaji ataamua mwenyewe. Mimi ndiye yule wa kaunta ya mapokezi. Bado mnaniita Dada wa Kaunta ingawa nina wajukuu wawili. Kwa miaka kumi na tisa nimepokea redio zilizokufa na kusikiliza wenyewe wakiapa kwamba hakuna aliyezigusa, huku chai ikichuruzika kutoka ndani ya mashine. Kila mashine niliyoipokea ilipita mikononi mwa mstaafu wetu, kwa hiyo kama kuna mtu hapa mwenye haki ya kumsema, ni mimi, halafu mkewe.

Jina lake kamili limo kwenye faili, na huko ndiko linakokaa. Humu ndani ni Mzee Geuza, na aliitwa hivyo tangu akiwa hajaota mvi hata moja. Jina lilitokana na neno lake. Ukimletea redio yenye spika mbili, moja inaimba na mwenzake imenuna, hagusi kifuniko. Anasema, "Geuza." Waya wa kulia upeleke kushoto, wa kushoto ulete kulia. Ukimya ukihamia upande wa pili, ugonjwa uko ndani ya mashine. Usipohama, ugonjwa uko kwenye spika au kwenye waya wake. Hapo unageuza kinachofuata, na kinachofuata, mpaka ukimya uhame. Kile utakachokuwa umekigusa ukahama nacho, huyo ndiye mwizi wako. Alikuwa akiwaambia mafundi wapya kwamba aliyebuni redio ya pande mbili aliwapenda mafundi kuliko wazazi wao, maana upande mmoja ukiugua, pacha wake yupo pale pale, mzima, wa kulinganisha naye.

Aliingia kazini akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, akitokea kwenye baraza ya mjomba wake alikokuwa akitengeneza pasi na tochi. Siku ya usaili walikuwa watatu. Walipewa redio moja isiyowaka, wakaambiwa waonyeshe ujuzi. Wenzake wawili walifungua kifuniko na kuanza kutaja majina ya vipuri kama watu wanaosoma dua. Yeye alifuata waya kwa kidole, nyuma ya meza, hadi ukutani, akakuta plagi imechomekwa kwenye soketi ambayo swichi yake imezimwa. Akaiwasha, akaketi. Aliajiriwa siku hiyo hiyo, na kwa miaka yote iliyofuata hakuacha kutukumbusha.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa mgumu kuishi naye. Kwenye kadi za kazi, pale palipoandikwa "Hitilafu iliyoonekana", aliandika alichokiona. "Mende, ukoo mzima." "Kipande cha mkate kwenye mlango wa kuingizia sahani ya muziki, upande uliopakwa siagi umetazama chini." "Hakuna hitilafu. Apimwe mwenye mali." Uongozi ulimwandikia barua ya kumkumbusha lugha ya staha kwa wateja. Barua ile aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa ukitikisika. Meza imetulia tangu siku hiyo.

Alikuwa na vita ya kudumu na vitambaa vya kufuma. Bwana mmoja alituletea mashine iliyokuwa ikijizima kila muziki unaponoga. Ilikuwa imepita kwa mafundi wanne na kubadilishwa nusu ya viungo vyake. Mzee Geuza aliiwasha mezani, ikapiga tangu asubuhi hadi mchana bila kupepesa. Akaomba apelekwe nyumbani kwa mteja, nami nikafuatana naye kuchukua vipimo. Tulikuta sebule safi, kabati la kioo, na juu ya kabati mahali pa redio pamekaa kitambaa cheupe kikubwa, chenye maua na pindo, kilichofumwa kwa subira ya mwaka mzima. Kila redio ikirudi kutoka kwa fundi, mke wa yule bwana aliifunika, matundu ya kutolea joto yakazibwa, mashine ikahema, ikazimia. Mzee Geuza aliondoa kitambaa, akakikunja vizuri na kumkabidhi mama mwenye nyumba kwa mikono miwili. Akamwambia kwamba redio si bi harusi. Wale wawili hawakusalimiana tena, lakini redio haikurudi.

Na alikuwa akilala kazini. Mwenyewe amekanusha kwa miaka thelathini na mitatu, akisema anafumba macho ili asikilize vizuri. Ninachojua ni kwamba mara mbili fundi wa meza ya pili alifungua mashine nzima akitafuta chanzo cha mvumo, kumbe mvumo unatoka kwenye kiti cha jirani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nikubali kuandika. Kwa ruhusa yake nalieleza lote, kwa sababu wengi mmelisikia vipande vipande, na vipande vingine vimeongezwa chumvi na watu wa idara ya majokofu.

Miaka saba iliyopita, mwalimu mmoja wa kwaya alituletea mashine yake ya muziki ya nyumbani, kubwa, nzito, ya zamani, ikiwa imelazwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa ikivuma. Ukiiwasha tu, kabla hata ya wimbo, inaanza mmm, mmm, kama mtu anayetafuta la kusema. Mzee Geuza aliipenda mashine ile kuliko alivyowapenda wengi wetu. Alikuta kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme, zimevimba vichwa, akazitoa, akalehemu mpya, na mvumo ukatoweka kabla ya saa ya chai. Kazi nyepesi. Akaunganisha spika zake mbili za majaribio, moja kila upande wa meza, akaweka wimbo, akafumba macho.

Kisha akafumbua. Upande wa kushoto haukuwapo.

Aligeuza waya nyuma ya mashine. Ukimya ukabaki kushoto. Basi si mashine. Akageuza spika zenyewe, ya kulia akaiweka kushoto. Ukimya ukabaki kushoto. Akabadilisha waya zote. Kushoto. Akaiweka mashine ya mwalimu kando, akaleta nyingine mpya kutoka kwenye boksi, na spika mpya, na waya ambazo hazijawahi kuguswa. Kushoto kukawa kimya vile vile. Nilipopita na kadi zangu nilimkuta kashika kiuno, anaitazama meza kana kwamba imemtukana.

Alinisimamisha, akataka nisikilize. Nikasikiliza. Nikamwambia pande zote mbili zinaimba vizuri. Alinishukuru kwa upole wa kutisha, akasema masikio ya kaunta yameumbwa kusikia malalamiko tu, nirudi kwenye kazi yangu. Siku ya pili mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua mali yake. Naye akasikiliza, kichwa kimeinama, kidole kikihesabu mapigo, akasema iko sawasawa, sauti zote zipo, mpaka yule wa nyuma anayechelewa. Mzee Geuza alikataa kumpa. Aliniambia pembeni kwamba mtu aliyezoea waimbaji wabovu huwa na adabu kupita kiasi, na kwamba yeye hawezi kuitegemea adabu. Alikuwa na hakika, ingawa kugeuza kwake mwenyewe kulikataa, kwamba ameharibu kitu ndani ya mashine ya watu, halafu akaharibu na nyingine mpya kwa njia ile ile, na haijui njia yenyewe. Siku ya tatu hakula.

Asubuhi ya siku ya nne niliingia karakana mapema kutafuta kadi iliyopotea. Hakuna aliyekuwa amefika isipokuwa yeye. Muziki ulikuwa ukipiga, spika ziko mbele yake, na yeye kasimama katikati. Akageuka taratibu, akazipa mgongo spika, akatazama ukuta. Akakaa hivyo kidogo. Akageuka tena, akazitazama. Akarudia. Nilidhani anacheza, nikataka kucheka, maana umri wake na kiuno chake vilikuwa haviruhusu. Kisha nikauona uso wake.

Alizima mashine, akavuta kiti, akakaa.

"Ni mimi," alisema. "Nikigeuka, ukimya unageuka na mimi."

Nilikuwa sijaelewa. Akanieleza kwa sauti ile ile anayowaelezea mafundi wapya, hatua kwa hatua, mashine, waya, spika, vyote amevigeuza na ukimya haukuhama. Kitu kimoja tu pale mezani alikuwa hajakigeuza. Alipokigeuza, ukahama. Aliweka kidole kwenye sikio lake la kulia akaliziba, akaniomba niseme kitu. Nikataja jina lake la kwenye faili. Alinitazama mdomo, akatikisa kichwa.

Alienda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alimwambia mshipa wa sikio la kushoto umekufa, na kwamba hufa polepole, huenda ulianza mwaka mzima nyuma, na mtu hatambui kwa sababu sikio zima hubeba kazi ya mwenzake. Dawa hakuna. Wahenga walishamaliza kwamba sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikujua kama walimaanisha na hospitali. Mzee Geuza alimuuliza daktari kama vipimo vimefanywa kwa kugeuza nyaya. Daktari hakuona cha kuchekesha. Baadaye Mzee Geuza aliniambia kwamba hakuwa akitania.

Ningekuwa mimi, ningeogopa kufukuzwa. Meneja wetu wa wakati ule, ambaye ndiye meneja wetu wa sasa, alikuwa tayari anaitazama karakana kwa jicho la mtu anayetafuta mahali pa kuegesha gari. Lakini Mzee Geuza hakuzungumzia kazi. Alikaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kaunta yangu, kofia magotini, akaniuliza swali moja: kwa mwaka mzima huo, ni mashine ngapi amezipitisha kwa sikio moja?

Tulitoa kadi. Zile alizosikiliza na kutia saini peke yake zilikuwa thelathini na nane.

Alitaka kuzisikiliza upya zote, majumbani kwa wenyewe, na hangeweza kuzisikiliza. Kwa hiyo akaniomba niwe sikio lake la kushoto. Nilimkumbusha alichosema juu ya masikio ya kaunta. Alisema alikuwa anamaanisha masikio ya kaunta za watu wengine.

Tulitumia Jumamosi nane. Tulikwenda na begi la vifaa na uongo mmoja, kwamba kampuni inafuatilia ubora wa huduma zake. Watu hawajazoea kufuatiliwa na kampuni kwa wema. Bwana mmoja alitoka kwa mlango wa nyuma alipotuona, na ikabidi mtoto wake amkimbilie kumwambia hatukuja kuchukua kitu. Bibi mmoja mjane alikuwa ameweka spika moja jikoni na nyingine chumbani, ili muziki usimpotee akitembea, na kila spika imebeba chungu cha maua. Mzee Geuza aliduwaa mlangoni. Ilikuwa ni dhambi kubwa kuliko kitambaa. Kisha akamwuliza bibi kama anafurahi. Bibi akasema sana. Tukaaga.

Nyumba nyingi mashine zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa na mkwaruzo mdogo, akazimaliza pale pale sakafuni. Ya tatu ndiyo iliyotuumiza.

Ilikuwa kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo, anayeshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Redio yake ilikuwa kwenye rafu juu ya vitambaa, na ilikuwa ikipiga tulipoingia. Sikuhitaji hata kukaa. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa kabisa. Nilimgusa Mzee Geuza mkono, naye akaelewa. Akamwomba yule mama ruhusa, akaishusha, akaifungua. Kiungo kimoja hakikushika vizuri pale kilipolehemiwa, na mkono uliolehemu ulikuwa wake, miezi saba nyuma. Alikirudia, akafunga, akawasha wimbo ule ule uliokuwa ukipiga.

Yule mama alikuwa na nguo chini ya sindano. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Kumbe huu wimbo una gitaa," alisema.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza kwamba ni wimbo anaoupenda tangu usichana, na kwamba tangu redio irudi kutoka kwetu aliona umepungua kitu, akadhani ni yeye amezeeka, kwamba mambo ya zamani huwa hayana utamu ule ukiyarudia. Alikuwa ameshaukubali uzee wenyewe. Alicheka, halafu akakasirika kidogo, halafu akacheka tena.

Mzee Geuza hakucheka. Alivua kofia, akamwambia yote. Kwamba hatukutumwa na kampuni, kwamba sikio lake la kushoto halisikii, na kwamba gitaa lilipotea mkononi mwake. Alimwita "mama" na kumwomba radhi, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri. Yule mama akamtazama sana, akamwambia avae kofia, akarudisha wimbo mwanzo.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia kwamba Jumatatu atasema.

Kumbe Jumatatu hiyo Meneja naye alikuwa na la kusema. Wateja walikuwa wamepiga simu kushukuru, na Meneja, baada ya kuuliza huku na huku na kukosa mwenye mradi, aliamua kwamba mradi ni wake. Mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote alitangaza mafanikio ya mpango wa ufuatiliaji wa ubora, ambao, kwa maneno yake, uongozi uliubuni kwa kuangalia mbali. Tulipiga makofi. Mzee Geuza akasimama kabla hayajaisha. Alieleza kwa ufupi kwa nini mpango ule ulikuwapo, mashine thelathini na nane, tatu mbovu, sikio moja. Akaongeza kwamba kama uongozi uliangalia mbali, yeye hana neno, ila mwenye kosa yuko karibu.

Nimewahi kusikia ukimya wa aina nyingi kazini humu, lakini ule ulikuwa wa pande zote mbili.

Meneja alimhamishia stoo kwa muda usiojulikana. Nimetaka sana kumfanya Meneja awe mtu mbaya katika kisa hiki, lakini alichosema ofisini kina haki yake, kwamba fundi wa sauti asiyesikia ni kama dereva asiyeona, na huwezi kuvuka barabara kwa kumwamini tu. Mzee Geuza hakubisha. Alichukua bisibisi zake saba akaenda kupanga skrubu kwa ukubwa. Nilimpelekea chai siku ya kwanza nikamkuta amekaa huku ameupa mlango sikio bovu. Niliita mara tatu. Sikujua kama hakusikia au hakutaka, na sikumuuliza.

Siku ya tatu fundi wa meza ya pili alianza kupotea. Kisha na wa meza ya tatu. Walikuwa wakibeba mashine hadi kwenye dirisha la stoo, wanasema wanatafuta skrubu, wanarudi na jibu. Meneja akapiga marufuku kubeba mashine stoo. Wakaanza kubeba maswali kwenye karatasi. Mzee Geuza aliyajibu kwa penseli nyuma ya karatasi hizo hizo, na majibu mengi yalikuwa neno moja mnalolijua.

Wiki ya nne, saa ya chakula cha mchana, alipita mtu mbele ya kaunta yangu akiwa na begi kubwa la safari, akaelekea stoo akitembea kama mwenye begi jepesi. Alikuwa Meneja. Hakuna safari inayoanzia stoo, kwa hiyo nilimfuata kwa mbali, na kwa hili siombi radhi. Ndani ya begi kulikuwa na redio. Meneja ameisoma aya hii na ameomba nitaje kwamba redio ilikuwa ya shemeji yake. Nimetaja.

Redio ya shemeji ilikuwa ikipoteza sauti kila wimbo unapopanda. Mzee Geuza hakuiwekea sikio hata kidogo. Aliifungua, akatoa kwa kibano nyuzi nyeupe za kitambaa cha kufuma kwenye matundu, akaziweka mezani mbele ya Meneja bila maoni. Akainusa. Akaweka kiganja, akatafuta penye joto. Kisha akaunganisha mita, akamwambia Meneja atazame mshale, na kwa mpini wa bisibisi akaanza kugonga taratibu, kiungo baada ya kiungo, kama daktari anayegonga magoti. Kwenye kiungo cha tisa au cha kumi mshale ukaruka. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, uliokuwa ukifunguka kwa joto na kufunga ukipoa. Alilehemu, akarudisha kifuniko, akaunganisha spika.

"Sikiliza wewe," alimwambia Meneja. "Mimi hii siwezi kuitia saini."

Meneja akasikiliza. Akasikiliza wimbo mzima, amesimama kati ya maboksi ya skrubu, tai imelala begani. Alisema pande zote ziko sawa. Mzee Geuza akamwuliza kama ana hakika, maana yeye naye alikuwa na hakika kwa mwaka mzima. Meneja akarudia kusikiliza.

Walikaa mle ndani mpaka chakula cha mchana kikapoa. Walichokubaliana nilikiona kesho yake kwenye kadi mpya za kazi: chini, palipokuwa na nafasi ya saini moja, pamekuwa na mbili. Hakuna mashine inayotoka karakana bila kusikilizwa na watu wawili tofauti, awe fundi mkuu au fundi wa jana. Hilo lilikuwa wazo la Mzee Geuza, na ndilo sharti alilotoa ili arudi mezani kwake. Watu wanasema sheria ile iliwekwa kwa ajili ya sikio lake. Yeye anasema iliwekwa kwa ajili ya masikio yote, kwa kuwa lake lilikuwa bovu na alijua, na ya wengine bado hayajachunguzwa.

Alirudi, akafanya kazi miaka saba zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote iliyotangulia. Alijifunza kutumia macho, pua na kiganja, akawafundisha wengine, na leo tuna mafundi wanne wanaoweza kukuta hitilafu kabla ya kuwasha muziki. Wateja wakali nilikuwa nawaketisha kushoto kwake. Walikuwa wakimaliza yote ya moyoni mwao, naye akiitikia kwa kichwa kwa subira kubwa, na wakaenda wakisema hawajawahi kukutana na fundi msikivu namna ile. Mwalimu wa kwaya bado hutuletea mashine yake kila mwaka, hata ikiwa nzima, kwa kile anachoita kuijulia hali.

Tulipokuwa tunachanga mawazo ya zawadi, kuna waliopendekeza redio. Tuliwaomba wakae chini.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwake kuzungumza na mkewe, ambaye sote tunamwita Shangazi, ili nisiandike uongo. Nilimuuliza alijuaje habari za sikio, kama mzee alimwambia siku ile ile au alimficha. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Alisema aliijua miezi mingi kabla ya mwenyewe. Alikuwa akikaa kushoto kwake kwenye kochi, anasema jambo, hajibiwi, na mwanzoni alidhani ni kiburi cha wanaume. Siku moja akabadilisha upande, akajibiwa. Hakumwambia. Aliona mtu anayeishi kwa masikio yake asiambiwe na mkewe, aachwe aligundue kwa mkono wake mwenyewe. Basi tangu hapo, akiwa na neno la kusikika alikaa kulia, na akiwa na la kutoa rohoni tu, la kumsema yeye na ndugu zake wote, alikaa kushoto, akalitoa, akapata nafuu, wakanywa chai.

Nilimuuliza sasa kwa kuwa mzee atashinda nyumbani kutwa, atakaa upande gani. Alipepeta mchele mara mbili, akaweka ungo chini.

"Kulia," alisema. "Ya kushoto nimeyamaliza."

Mzee wetu, karakana inakushukuru kwa miaka yote thelathini na mitatu, pamoja na ile uliyokuwa ukisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Kaa na Shangazi kwa amani na afya, na siku zako ziwe ndefu. Mlango wa karakana uko wazi, chai ipo, na saini ya pili kwenye kadi tutakuachia ukija. Nenda salama.